Karatasi Zilizojaa Salamu

Hapana, hakufa. Naona ushaanza kunitazama kwa huruma, hujui uniulize vipi. Mume wangu aliangukiwa na robota la mitumba pale Kariakoo, damu ikavilia ndani ya kichwa, kapasuliwa, karudi nyumbani Magomeni kwa miguu yake mwenyewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, nguo za nje zimefunguliwa mlango, watu wanagombea malori kama wanagombea pilau.

Yule daktari kijana aliyempasua akatufuata mpaka nyumbani. Mie nikadhani kasahau mkasi humo kichwani.

“La hasha, mama,” kasema, na ile sauti yake ya redioni, kila neno analiosha kwanza ndiyo analitoa. “Ninafanya utafiti. Mgonjwa akitoka wodini anatembea, tunamhesabu kapona. Je, kweli kapona? Nisipojua, hata wanaokuja nitawapasua kwa kubahatisha.”

Nikampenda. Kakaribishwa uani, kamwamkia mume wangu.

“Shikamoo, mzee. Unaendeleaje?”

“Marahaba. Sijambo.”

“Unatembea?”

“Natembea.”

“Chakula?”

“Nakula.”

Kanigeukia mie. “Anaendeleaje, mama?”

“Hajambo kabisa, baba, tunamshukuru Mungu.”

Na jirani yangu wa chumba cha pili, hata hakuulizwa: “Hajambo huyo!”

Daktari kaandika, kafurahi, kaenda zake. Sasa ulitaka nimjibu nini? Mtu kaingia kwako, hata maji hajanywa, umtwishe matatizo yako? Kwanza unasema nzuri. Mengine yanafuata, akikaa.

Lakini nililifikiria sana lile swali lake. Mguu ukivunjika, unamwambia mtu tembea tuone. Mume wangu alikuwa anaweza kumsifia mteja shati mpaka mteja anaona haya kuliacha. Kitu hicho kinakaa upande gani wa kichwa? Na daktari atakiona wapi, kama anauliza chakula tu?

Nami nilikuwa na langu. Meza yetu ya Kariakoo alikuwa anatushikia jirani wa biashara, Mchaga, sote tukimwita Mangi. Kila nikipita: “Aisee mama, huyu mzee anarudi ama harudi? Watu wananisumbua, wanaitaka hii meza. Mimi nangoja neno la daktari tu, aisee.” Nikamwambia usijali, Mangi, anarudi. Nilitaka arudi. Nilikuwa namtaka yule mwanaume wa pale mezani, maana huyu aliyekuwa anashinda uani hata nikimchokoza hanijibu.

Daktari aliporudi mara ya pili, nikamwita na Mangi aje, alisikie hilo neno kwa masikio yake. Lakini daktari kaja uso umemshuka. Kumbe katoka nyumba moja Ilala, kauliza habari za mgonjwa. Mama wa pale, khanga mdomoni, kamjibu: “Nzuri tu, mwanangu. Tumemzika wiki iliyopita.”

“Mama,” kasema daktari, “nimeuliza vibaya kila nyumba. Karatasi zangu zimejaa salamu. Leo siulizi habari. Niambie jana mzee alifanya nini, tangu alipoamka.”

Mie siwezi kumweleza mtu bila kumuiga. Nikaanza na yule wa zamani, ili daktari apate cha kulinganishia. Nikageuza ndoo, nikapanda juu, shati begani: “Chagua mwenyewe, mama! Limekuja na ndege hili, bado lina usingizi! Dada wee, mbona unalishika kama linaumwa? Livae, mumeo arudi mapema!” Mangi kacheka mpaka kashika ukuta. Mume wangu naye kacheka.

Nikashuka. Nikamfanya wa jana. Nikakaa mkekani, nikakunja shati. Nikalikunjua. Nikalikunja. Jirani kapita, kanitupia utani wake wa siku zote, nikamtazama mdomo, nikasema, “Ehe.” Nikarudi kwenye shati. Nilitaka niweke na kichekesho hapo, maana ndiyo kawaida yangu, nikakosa pa kukiweka.

Mangi kauachia ukuta. Daktari kalamu anayo mkononi, haandiki. Nikaingiwa na hofu.

“Lakini hajambo, daktari,” nikasema haraka haraka. “Akirudi mezani atachangamka. Hebu mwambie Mangi.”

Daktari hakumwambia Mangi kitu. Kamgeukia mume wangu. “Mzee, wewe umeonaje?”

Mume wangu kanitazama kwanza, hana hasira wala nini. Kalichukua lile shati mkononi mwangu, kaliweka pembeni.

“Huyo wa pili ndiye mimi,” akasema. “Andika sijapona. Na meza mpeni mtu mwingine.”