Zebra Iliyogeuka Steji

Tulilia sana tuchorewe zebra ya kuvukia barabara pale makutano ya Kapsoya, na wiki jana ikachorwa. Jumatatu asubuhi nikakuta bodaboda zimepangwa juu yake zikingoja abiria, kila mstari mweupe na pikipiki yake.

"Nipisheni nivuke," akasema mama mmoja aliyebeba mtungi wa maziwa.

"Mama, vukia kule mbele," mwenye pikipiki akamjibu bila hata kushuka. "Hapa tumechorewa pakingi."

Mama akavukia kule mbele, akikimbia katikati ya malori ya mahindi.

Kisha akatokea askari wa trafiki. Nikajiambia, leo watatawanyika. Askari akatazama foleni, akakalia pikipiki ya mstari wa kwanza, akasema, "Nipeleke mjini."

Kwa rangi tunashukuru. Sasa tunaomba kivuko.