Unga Mweusi wa Ndoo ya Dada

Maabarani walimwita Masizi, na jina likamganda. Kwa miaka kumi na moja fundi huyu aliwasha tanuri, akalilisha gesi, akangoja saa tano, kisha akakwangua unga mweusi ndani ya bomba la kioo. Zilikuwa nyuzi za kaboni, nyembamba hata jicho halioni mojamoja. Ukizitia majini hunasa risasi, yale madini ya kwenye betri. Kazi ya kutwa nzima ilijaza kijiko kimoja.

"Masizi, leo umevuna magunia mangapi?" wenzake walimtania.

"Leteni toroli!"

Kwa dada yake utani uliishia mlangoni. Kiwanda cha betri kilifungwa, wenyewe wakaondoka na faida, sumu wakawaachia majirani. Kisima cha dada kilikuwa nyuma ya ukuta wa kiwanda. Mwanawe wa miaka minne alipopimwa damu, daktari alisema abadilishiwe maji. Maji yapi? Kisima kilikuwa hichohicho.

Masizi akaomba unga uliobaki kwenye majaribio, akaupanga kati ya vitambaa, ndoo juu ya ndoo. Alipopima, maji yalikuwa safi. Furaha ikamfungua mdomo.

"Hata ukichoka hautupwi, dada. Sisi tunauosha kwa asidi, unarudi mpya!"

Wiki tatu baadaye dada alimpa chupa ya maji akapime. Mashine ikaonyesha risasi mara tano ya ile ya kisimani. Akapima tena, na tena. Akatoka mbio na koti la kazi mwilini.

"Dada, ule unga umeufanya nini?"

"Nimeuosha, kaka. Si ulisema asidi? Nikakamua ndimu kumi, nikamimina, nikafuatisha maji. Sikutaka kukusumbua, kazi zako nyingi."

"Maji ya ndimu yalikwenda wapi?"

"Si humo, ndoo ya chini. Yametoka yanang'aa!"

Sumu yote iliyonaswa kwa wiki tatu ilikuwa imeshuka kwa mkupuo mmoja.

"Mtoto ameyanywa?"

"Tangu jana. Anayapenda, yana uchachu."

Amgombeze nani? Maneno yalikuwa yake mwenyewe. Nusu ya somo aliyoitoa kwa majivuno. Na unga mwingine haukuwepo: gesi ilikwisha, tanuri lilikuwa baridi, ombi la mtungi mpya lilisubiri saini ya mtu aliyekuwa safarini.

"Mvalishe viatu, twende hospitali," alisema.

Akabeba ndoo hadi nje. Akiimwaga uani, itarudi kisimani. Akiimwaga mtaroni, itaingia kisima cha jirani, naye ana watoto wawili.

"Mjomba," mpwa wake aliita, kiatu kimoja mguuni, "nipe maji kwanza."

"Mwaga tu, kaka, tumechelewa!" dada akapaza sauti.

Alisimama na ndoo mkononi, mshikio ukimkata vidole.