Nilikuwa Simu Yake

Jumanne iliyopita, spika ya kliniki ya moyo ilimwita marehemu.

Wa kwanza kabisa kwenye foleni. Na mimi ndiye niliyemwekea nafasi hiyo.

Mnivumilie, nianze mwanzo.

Nafanya kazi mapokezi, naandikisha wagonjwa. Chuoni nilisomea kumbukumbu za afya. Ni mtu wa aibu. Hata kuomba chumvi mezani huwa najipanga kwanza.

Mwaka huu tuliletewa mfumo mpya wa kompyuta. Kusukumana kwisha! Mfumo wenyewe ndio unaopanga nani aingie kwa daktari na saa ngapi. Ila haukubali kuhifadhi jina bila namba ya simu.

Siku ya mafunzo mkuu wetu aliuliza, "Kuna swali?"

Nilikuwa nalo. Asiye na simu je?

Nikaangalia viatu vyangu.

"Safi sana," akasema. Tukapigwa picha.

Wiki ile ile akaja bibi mmoja mwembamba, kandambili zake kila moja na rangi yake.

"Namba ya simu, bibi?"

"Simu ya nini, mjukuu wangu? Wote niliotaka kuongea nao wameshakufa."

Nikacheka. Nikaandika namba yangu.

"Nimekuwekea yangu, bibi. Usimwambie mtu."

"Haya. Kuanzia leo wewe ndiye simu yangu. Usiishiwe chaji."

Baada yake nikawawekea wengine kumi na mmoja. Niliona natenda wema. Ujumbe wa hospitali ukaanza kumiminika kwenye simu yangu mpaka ukawa kero. Nikauzima sauti, wala sikuusoma.

Jumanne ya kwanza bibi alifika saa moja asubuhi, akakaa benchi la dirishani. Akaingia wa mwisho.

Jumanne ya pili, vivyo hivyo.

"Mjukuu, waliokuja nyuma yangu wameshafika kwao wamekula. Hiyo mashine nimeikosea nini?"

"Vumilia, bibi. Mfumo ndio unapanga."

Jumanne ya tatu daktari aliondoka kabla bibi hajaitwa. Akainuka kwa kushika ukuta.

"Wiki ijayo si mbali," akasema. Yeye ndiye aliyenipa moyo mimi.

Ijumaa binti yake alileta kadi ya kliniki, macho mekundu.

"Mama ametutoka jana. Alikupenda sana, dada. Alikuwa anawaringia majirani kwamba ana simu, ila inakaa hospitali."

Nikajifungia chooni, nikafungua ujumbe wote.

"Kliniki yako ni Jumanne. Jibu 1 kuthibitisha. Usipojibu, utahudumiwa baada ya waliothibitisha."

Mara tatu aliulizwa. Mara tatu nilinyamaza.

Jumatatu ujumbe wake ukaja tena. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Nikabonyeza 1.

Kesho yake, saa mbili kamili, spika ikatamka majina yake yote matatu, taratibu, kwa adabu. "Chumba namba moja."

Watu walikuwa wamejaa, wengine wamesimama. Lakini benchi la dirishani, pale mahali pake, hakuna aliyekaa.

Spika ikarudia.

Mtu akaguna, "Huyo naye, anaitwa wa kwanza halafu anaringa!"

Spika ikarudia tena.

Nikainuka. "Amefariki," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Nikatembea moja kwa moja hadi ofisini kwa mkuu, bila kujipanga.

"Nina swali," nikamwambia. "Nimechelewa nalo."

Sasa wale kumi na mmoja nawajibia kila ujumbe mpaka mfumo urekebishwe. Simu nalala nayo kifuani. Jina la bibi naombwa nilifute, na bado sijaweza.

Jamani, ukiwa na swali, liulize siku hiyo hiyo. Wema niliufanya kimyakimya, na kimya changu kikamweka bibi wa watu benchini hadi mwisho.