Kidevu Kifuani

Walimshona mama kidevu kwenye kifua kwa nyuzi mbili nene, nami nikakaa pembeni ya kitanda bila raha hata chembe. Hapo nyuma aliwahi kuwekewa mashine ya kupumulia. Akapona, lakini bomba la mashine hiyo likamwachia kovu kooni, na kovu likazidi kubana hadi akipanda kilima kwenda shamba anapumua kwa mluzi. Daktari bingwa alikata kile kipande cha njia ya hewa kilichoziba, akaunganisha ncha mbili zilizobaki.

"Njia sasa ni fupi," aliniambia. "Akiinua kichwa ghafla, mshono wa ndani unaweza kuachia. Na asiongee."

Asiongee! Kwa watu wa kwetu Uluguru? Walishuka mlimani kwa mafungu, na ndizi zao, kila mmoja na shikamoo yake, na mama si mtu wa kuacha salamu bila jibu. Nikasimama mlangoni kama mgambo, nikimjibia "marahaba" hata kwa watu walionizidi umri. Sikujali.

Kisha akaja mjomba, kaka yake mkubwa, ambaye katika ukoo wetu akisema amesema. Alisimama miguuni pa kitanda, akamwona dada yake ameinama.

"Umenuna nini, dada? Mie nimetoka kule juu kote, hata uso hunipi?"

Nikaona shingo ya mama inakaza. Anataka kumtazama! Niliruka nikamkandamiza utosini kwa kiganja, mbele ya kaka yake, nikafoka, "Mjomba, unataka kumuua?"

 Sikuuondoa mkono mpaka muuguzi alipomwonyesha mjomba zile nyuzi.  Mzee alichuchumaa sakafuni, taratibu, magoti yakimlalamikia, mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa dada yake. Wakatazamana hivyo.

Siku kadhaa baadaye nyuzi zilipokatwa, daktari alisema sasa anaweza kuinua kichwa polepole. Mama hakuinua.

"Inua kidogo tu, mama," nikambembeleza, mimi niliyekuwa nikimkaripia kutwa.

"Na ikiachia?" akanong'ona.

 Nilitoka nikalia koridoni. Niliporudi, kichwa kilikuwa juu, anatazama mbele, anapumua.

Alikuwa amesubiri tu nitoke.