Firigisi ya Shangazi Sista

Shangazi yangu ni sista. Ni dada mkubwa wa baba, na anafundisha darasa la kwanza Kitale, katika shule ya msingi iliyo karibu na nyumba yao ya masista. Mimi naishi Matulo kwa nyanya, mama yake. Kwa mwaka mzima tulikuwa tunampata siku nne tu, mwezi wa nane, kwa ruhusa ya mama mkuu wao, na hizo siku nne nilizihesabu kuwa zangu. Mbele ya watu siongei. Mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua naangalia dawati. Lakini shangazi akiwa nyumbani nilikuwa naongea mpaka nyanya anauliza, "Wewe, kwani umemeza redio?"

Kulikuwa na jambo moja hasa. Kwetu kuku akichinjiwa mgeni, firigisi haiguswi ovyo. Ni ya mkubwa wa boma. Ikikosekana kwenye bakuli, mgeni anaweza kuinuka aende zake na hakuna atakayemlaumu. Babu alipokufa, baba zangu wadogo walidhani sasa itakuwa yao. Nyanya akakataa. Alisema huyu msichana wake hakuolewa, hana mwanaume wa kula kwa niaba yake, basi atakula mwenyewe. Kwa hivyo shangazi, na kitambaa chake cha kichwa, ndiye aliyekuwa anapewa firigisi mbele ya wanaume. Na kila mara alikuwa anaikata kwa meno, nusu anaifunika kwa kiganja, ananiletea jikoni. Hakuna mwingine aliyewahi kupewa.

Mwaka ule shule za msingi zilipoanza kuwa bure, darasa lake lilijaa mpaka watoto wakawa wanaandikia magotini. Likizo ya Aprili, nikiwa Form Two, nyanya alinituma Kitale nimpelekee maharagwe. Nilimkuta ameketi na msichana wa rika langu kabisa, amevaa yunifomu ya watoto, magoti yote nje. Alikuwa wa Tuwan, mtaa wa mabanda pale mjini. Mama yake alikufa, na mama jirani aliyekuwa anamlea alihama bila kumwambia. Alikuwa ndio anajifunza kusoma. Shangazi alikuwa ameushika mkono wake, kalamu iko ndani, wanaandika pamoja. Waliandika mistari minne kabla shangazi hajainua macho na kuniona mlangoni.

"Kumbe umefika! Njoo usalimie mwenzako."

"Sasa," yule msichana akasema.

"Poa," nikajibu, nikiangalia ukuta.

Agosti shangazi alikuja naye Matulo.

Hata chai haikuwa imepoa. "Mama," shangazi akamwambia nyanya mbele yetu wote, "huyu hana pa kukaa shule zikifunguliwa. Kwetu haturuhusiwi kulaza watoto. Naomba akae hapa, asome shule ya msingi hapo chini, alale na huyu." Huyu ni mimi. Hakuniangalia aone nitasema nini.

"Wacha nimwone kwanza," nyanya akasema. "Siku utakayoondoka nitakupa jibu."

Nami nilimwona. Alifagia uwanja kabla ya kuambiwa. Alicheka na nyanya kama wamejuana tangu zamani, na nyanya alimwonyesha jinsi ya kupepeta wimbi, kitu ambacho mimi nilifundishwa kwa makofi. Jumamosi jioni tulichinja kuku, na shangazi akaja jikoni kiganja amekifumba. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Akampa yeye.

"Wewe umekula miaka yote, si ndio? Leo mwachie mwenzako."

"Si kitu," nikasema. Mkono nikaupeleka kwa kuni, nikajifanya nazisukuma.

"Asante, Shangazi," yule msichana akasema. Shangazi! Asubuhi alikuwa bado anamwita Sista.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kuondoka. Baada ya misa nyanya aliwaalika katekista na mwenyekiti wa jumuiya yetu waje kula na shangazi kabla hajaenda. Jogoo tulimnyonyoa mimi na yule msichana. Alipoenda mtoni kuchota maji, niliichukua firigisi nikaitia kwenye makaa. Hata sikungoja iive, wala sikuitoa ile ngozi ya ndani. Niliimeza nyuma ya ghala, ya moto, ina mchanga. Nasema ukweli, sikutaka asingiziwe. Nilitaka tu asipewe.

Nyanya alileta bakuli mwenyewe. Akatia kijiko, akageuza. Akageuza tena, polepole, kama mtu aliyeangusha sindano.

"Mama," katekista akasema, "kuku wa siku hizi wanaanguliwa bila firigisi?"

Wanaume wakacheka. Nyanya hakucheka. Baba mdogo akaweka chini kipande chake. "Jikoni kulikuwa na nani, bana? Hii ni aibu gani?"

"Walikuwa wawili," nyanya akasema. "Wangu amezaliwa hapa. Anajua."

Wote wakamwangalia yule mwingine.

"Si mimi," akasema. "Haki ya Mungu, si mimi."

"Ati si yeye," baba mdogo akasema. "Basi jogoo aliila mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama na jagi la kunawisha mikono. Ilikuwa niseme neno moja tu. Niliangalia maji.

Tulipokuwa tunaosha vyombo shangazi alinifuata. Yeye ni mwalimu wa watoto wadogo, kila siku anakamata wezi wa chaki. "Toa ulimi," akaniambia. Nikatoa. Ulikuwa umeungua mbele, umekuwa mweupe. Aliuangalia, kisha akafuta mikono yangu kwa leso yake, kidole kimoja kimoja.

"Naondoka saa tisa," akasema. "Nyanya yako ataniambia jibu saa tisa."

Akaenda zake. Mimi nilibaki pale nikisugua sufuria moja mpaka ikang'aa nje na ndani. Saa tisa nyanya akamwambia shangazi mlangoni, "Mtoto wa mkono mrefu siwezi, mwanangu. Hata akiwa anafagia vizuri." Wakaondoka wote wawili. Yule msichana aliniaga kwa mkono. Kitanda changu kilibaki changu, na sikusikia furaha yoyote.

Nilimwambia nyanya siku ya tatu, tukipukuchua mahindi. Alipukuchua mpaka gunzi likaisha.

"Ungesema pale pale ningekupiga, halafu tungecheka," akasema. "Saa hii nicheke na nani? Utaenda Kitale ukaseme mwenyewe. Na umwambie nimesema aje."

Jumamosi nikaenda. Nilisimama kwa lango la masista nikirudia maneno, na shangazi alipotoka yakanipotea yote isipokuwa mawili. "Ni mimi."

"Hilo nilijua," akasema. "Nilikuwa nangoja uwaambie wao."

"Nyanya amesema aje kukaa."

Aliangalia barabara. Yule msichana alikuwa ameshaenda Kapsokwony, juu kabisa mlimani ambako pikipiki zinapanda kwa gia ya kwanza. Sista mmoja mwenzake shangazi alikuwa na kaka huko, na mke wa kaka alikubali kumchukua bila kumwangalia kwanza. Kwa nini nilisikia uchungu, na mimi ndiye sikumtaka?

"Mwaka ujao utakuja siku nne?" nikauliza. Najua ni swali baya kuuliza wakati huo.

"Mbili kwenu," shangazi akasema. "Mbili kule."

Nikasema sawa. Aliniambia nimwandikie yule msichana barua ya kuomba msamaha. Niliichana mara tatu, kwa sababu kila mara nilikuwa najitetea. Ya nne niliandika tu kwamba nilikula firigisi, wewe ukatajwa mwizi, na mimi nilikuwa nimesimama hapo.

Jibu lilifika muhula wa tatu ukiwa katikati. Herufi kubwa, zimekanyaga mstari. Ameandika kwamba amenisamehe, kwamba huko kuna baridi, kwamba sasa anasoma mwenyewe kitabu cha darasa la tatu. Nilifurahi, ukweli nilifurahi, mpaka nikafika chini: Shangazi anakusalimu, alikuwa hapa Jumapili akanisomesha.

Nilisoma hapo mara nyingi kuliko pale pa msamaha. Kwetu hajawahi kuja katikati ya muhula.