Siku Niliyokunja Miguu Mbele ya Wakwe wa Bhoke

Nikubali mapema ili msinisumbue: mimi, Mwita, kidato cha tatu, mtu mwenye akili zake (walimu wangu wana maoni tofauti), nilikaa mkao wa yoga katikati ya uwanja wa nyumbani kwetu Nyarero, siku ambayo wakwe watarajiwa wa dada yangu Bhoke walikuwa njiani kutoka Ringwani kuja kuongea mambo ya mahari, na wala sikukaa kwa bahati mbaya, nilikaa kwa kutafuta sifa.

Yoga ililetwa kwetu na mama. Jembe lilikuwa limemmaliza mgongo, basi nesi wa zahanati, dada mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, akamfundisha kukaa chini kila jioni juu ya blanketi lililokunjwa, nyonga ziwe juu kuliko magoti, miguu ipishane kwa ulegevu tu, mgongo unyooke, pumzi iingie polepole na kutoka polepole. Mama akaanza kulala usingizi wa kweli, asubuhi anainuka bila kushika ukuta. Mimi nikawa namwigiza ili watu wacheke. Siku moja nesi akanifuma. "Wewe kijana, ukitaka kufanya, fanya vizuri. Legeza nyonga kwanza, usivute mguu kwa nguvu, na goti likiuma, acha hapo hapo." Nikasema sawa nesi, kwa ile sauti ya mtu ambaye hajasikia kitu.

Sasa siku ya wageni kazi yangu ilikuwa kuangalia geti, niwaamkie, nipokee mizigo, nimwite baba. Binamu yangu Chacha akaja na simu, akanionyesha picha ya mtu aliyekaa nyayo zote mbili zikiwa juu ya mapaja (wanauita mkao wa yungiyungi). "Wa mama yako ni wa wazee," akasema. "Huu huuwezi, mura." Kijana wa Kikurya ukishaambiwa huuwezi, tena na neno mura, yaani kijana wa kiume, juu yake, akili inatoka kidogo. Nikajitupa kwenye mkeka mpya uliotandikwa mbele ya viti tulivyoazima kanisani, na suruali yangu ya kubana, bila kulegeza chochote, nikavuta mguu wa kulia ukapanda, nikavuta wa kushoto kwa mikono miwili, goti likalia kama kuni kavu, ukapanda.

Ukakataa kushuka.

Chacha alicheka mpaka akakaa chini, na mimi (Mungu anisamehe) nikacheka naye, halafu maumivu yakaja kwa wingi nikafumba macho, nikaanza kuvuta pumzi na kuguna "mmmmm" ili nisilie. Nilipofumbua, wageni walikuwa wamesimama getini wananitazama. Mbele yao mzee mwenye kofia na fimbo.

Nilitaka kusema shikamooni. Ikatoka "mmmm".

"Huyu anatufanyia nini?" mzee akauliza. Mama mmoja nyuma yake akarudi hatua mbili. "Usipite hapo. Kijana anafumba macho, ananong'ona, anatukabili sisi? Wanatufunga kwa uchawi hawa!"

Baba akatoka ndani mbio, kiatu kimoja mguuni. "Mwita! Inuka!"

"Siwezi, tata."

Jamani, lilikuwa jibu la kweli kuliko yote niliyowahi kumpa baba. Nikajaribu kujisukuma kwa mikono, nikapinduka, nikabingirika na miguu yangu iliyofungamana mpaka kwenye viatu vya yule mzee, naye akaruka.

"Baba yake anamwambia inuka, anamjibu hawezi," akasema, sasa akimtazama baba. "Kijana wa nyumba hii haamkii wageni. Binti yenu ndiye atatuamkia sisi?"

Baba akaomba, akaeleza, akawafuata hadi barabarani. Waligeuza. Mlangoni pa jikoni Bhoke alikuwa amesimama na kitenge chake kipya, akaingia ndani akajifungia.

Nesi alipokuja alinyanyua mguu wa juu taratibu kwa mikono miwili, akaunyoosha, akafuata wa pili. Goti lilikuwa limevimba. "Mkao hauna kosa," akasema. "Mama yako umempa nafuu. Wewe uliupiga vita." Sitakunja tena miguu yangu kuonyesha mtu, na nikirudi kwenye yoga nitaanza na blanketi la mama, kimya kimya, na goti likisema acha nitaacha. Ila hilo ni la goti. La Bhoke sijui nalilegezaje.

Jioni mama alinishikizia gotini kitambaa cha maji baridi, muda mrefu, bila kunitazama. Ndipo akasema:

"Goti likipona utapanda gari mpaka Ringwani, peke yako. Utasimama mlangoni kwao, utawaamkia mmoja mmoja, na asiyeitikia utamwamkia tena. Dada yako anampenda yule kijana wao."