Senta wa Murungu na Chaki ya Mlangoni

Laki tatu na elfu arobaini. Hiyo ni hesabu ya kwanza ya gharama zangu. Ya pili ilizidi kwa elfu sita, maana nilikuwa nimesahau maparachichi. Kwa pesa hiyo, mwaka 2013, pale Kasulu ungepata magunia ya maharage ukayapanga stoo ukalala usingizi wako, na maharage hayavai viatu.

Mimi nauza vitambaa, na msimu wa mavuno nanunua maharage. Babu yangu alikuja kutoka pwani, mimi nimezaliwa Kasulu, na Kiha changu ni cha sokoni: najua kusalimia, kuhesabu na kusema *gabanya*, yaani punguza. Miaka yote kilinitosha. Katika biashara nina mwiko mmoja tu: sinunui maua. Huku mkulima akibanwa na shida anakuuzia maharage yangali maua shambani, kwa bei ya kutupa, kisha wewe mnunuzi unabaki kuitazama mvua kama mdaiwa wako. Nimeona watu wazima na ndevu zao wakilizwa na maua. Mimi nataka gunia. Nitumbukize mkono mpaka chini, nitoe punje, niitafune.

Sasa sikia nilivyonunua maua.

Nyuma ya duka langu kuna uwanja wa mpira wa kikapu, udongo mwekundu, nguzo za mkaratusi, na pete moja imeinama upande kama mtu anayesikiliza umbea. Jioni wafanyabiashara tunakaa juu ya matofali pembeni na kucheza kwa midomo. Mwaka huo alikuja kocha wa timu moja ya mjini Kigoma. Akatazama mazoezi siku mbili, akasema anatafuta senta, yule mrefu wa kukaa chini ya pete, lakini awe kijana anayekua bado. Atakayechaguliwa atapewa kazi kwenye ghala la wenye timu, na mshahara wa kila mwezi. Atakayemleta atarudishiwa gharama zake. Yeye angerudi mvua zikianza kupungua.

"Gharama zote?" nikamuuliza.

"Zote."

"Hata za chakula?"

"Mzee wangu, nimesema zote."

Nilirudia kwa sababu watu wengi husema zote wakimaanisha nusu.

Warefu tuliowajua walikuwa wawili. Mmoja mwalimu wa hesabu, senta wetu wa Kasulu, amepita arobaini, harukiruki tena, lakini anajua mpira utaangukia wapi kabla haujaanguka. Viwiko vyake vimepeleka watu zahanati. Wa pili dereva wa lori, Mkongo, aliyeichezea Kibondo kila lori lake lilipolala kule. Huyo alikuwa akikugeuzia mgongo, umesahau ulikuwa unamkaba nani. Kwa kocha wote wawili walikuwa wazee.

Wiki mbili baadaye nikawa Murungu, upande wa Kibondo, napakia maharage. Vibarua wengine walipandisha magunia kwa ubao. Mmoja alisimama chini akawa anayapokeza juu tu, kama mtu anayeweka kofia kabatini. Uso laini, hana hata unywele kidevuni. Kiganja chake kilifunika mdomo wa debe. Nikauliza kwao ni wapi.

Kwao walikuwa watu waliotoka Burundi zamani, sasa raia wenzetu. Mama yake nikamkuta anapepeta. Mazungumzo yalikwenda kwa Kiswahili chake kidogo na Kirundi changu kidogo zaidi, cha kuazima kwenye Kiha. Nilitaka nimchukue mwanawe mpaka mvua zipungue. Chakula na malazi juu yangu, na akipata kazi Kigoma, heri kwa wote. Mama akataka vitenge vitatu na jembe. Nikasema kitenge kimoja. Tukafika viwili na jembe, naye akaongeza chumvi nilipokuwa nimeshasimama kuondoka, jambo lililoniuma kwa sababu hiyo ni mbinu yangu.

Kisha nikauliza swali la maana: "Mama, huyu anakua bado?"

Akamtazama mwanawe kuanzia unyayo, ikamchukua muda kufika juu, akacheka. "Arakuze," akasema. "Arakuze, sha!"

Mimi huwa nahesabu mara mbili. Amesema mara mbili: anakua, anakua. Nikalipa.

Viatu viliagizwa Manyovu, kwa wanaovuka mpaka, maana Kasulu nzima haikuwa na namba arobaini na nane. Nikamlaza stoo, kati ya majora ya vitambaa. Asubuhi uji wa maziwa, mchana ugali wa kumshangaza mke wangu, jioni parachichi. Kila Ijumaa baada ya sala nilimsimamisha kwenye mlango wa duka, nikapiga mstari juu ya kichwa chake kwa chaki ya fundi cherehani. Wiki ya pili mstari ukaangukia juu ya ule wa kwanza. Ya tatu vilevile. Nikaongeza maziwa. Ya nne vilevile. Nikabadilisha chaki. Mwisho nilikuwa na mstari mmoja mnene kama kidole.

"Mbao hizi hulewa maji ya mvua," nikamwambia jirani yangu wa duka la vyombo. "Zinavimba. Ndiyo maana haonekani kupanda."

"Labda," akasema jirani. "Labda mlango nao unakula parachichi."

Kwenye matofali nilikuwa simwachii mtu nafasi. Jioni moja nikamvaa mwalimu mbele ya watu.

"Mwalimu, ulipokuwa na umri wa huyu ulikuwa unafika wapi?"

"Huyu ana umri gani?"

"Kumi na minane." Umri huo nilimpa mwenyewe, kama unavyokadiria gunia kwa jicho.

"Nikiwa na kumi na minane, mpira ulikuwa unanipiga kifuani kabla mikono haijapata habari."

"Mnasikia?" nikawageukia wenzangu. "Na huyu anaudaka kwa mkono mmoja! Basi huyu akifika ishirini na tano ni walimu wawili."

"Hesabu hiyo," mwalimu akasema, "sikuifundisha mimi."

Lakini alimfundisha senta mwenzie. Akamwonyesha kusimama, kuweka nyonga, kumsikia adui kwa mgongo. Kijana alishika haraka mno. Kinyume na watoto wengine hakulalamika na hakuchoka. Alichoomba ni biskuti tu, kila lori la Kibondo lilipopita, awapelekee watoto wa nyumbani. Nikadhani ni wadogo zake.

Timu ya Kibondo ilipokuja kwa mechi ya kirafiki, yule dereva Mkongo alisukumana naye chini ya pete mpaka jasho likawatoka kama wanachimba kisima. Wakatoka sawasawa. Baadaye dereva akanijia akicheka.

"Papa, ule mutoto haiko mutoto. Angalia magoti yake. Ile ni magoti ya baba."

"Wewe umezidiwa, unatafuta sababu," nikamjibu.

"Mimi nasema tu, papa."

Nikamwona ana husuda. Mtu akikwambia ukweli ukiwa umeshalipa, humwoni vizuri.

Kocha akarudi, mwezi wa tano. Kijana wangu alicheza mchezo ambao mpaka leo nikiusimulia naona hasira. Kila mpira uliogonga pete ulikuwa wake. Mwalimu alijaribu viwiko vyote viwili, vikarudi vimechoka. Kocha alisimama, akaketi, akasimama tena. Mimi huku nimeshajumlisha gharama mara mbili na kuongeza kidogo ya usumbufu. Mechi ilipoisha kocha akamwita.

"Kijana, hongera. Una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita," akasema, bila kona. "Nina mke na watoto wawili."

Kocha akanigeukia taratibu. "Mzee wangu, nilikutuma mche. Umeniletea mbao."

"Mbao nzuri lakini!" nikasema. "Umemwona mwenyewe! Mbao unajengea leo leo, mche unausubiri!"

"Nina mbao mbili pale Kigoma. Wakubwa wangu wamenipa nafasi ya kijana wa kumlea, basi." Akampa kijana mkono kwa heshima, akaingia kwenye gari. Kazi ya ghalani ikaondoka naye, na gharama zangu zote, za chakula na zisizo za chakula.

Nikamkamata kijana pale pale, kama ishirini na sita bado ni kijana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Bosi, hukuniuliza. Ulimuuliza mama, akakujibu."

"Aliniambia unakua!"

"Alikwambia *arakuze*. Yaani nimekomaa. Nimemaliza." Akaniangalia kwa huruma, kitu ambacho sikukiomba. "Kama ningekuwa nakua bado angesema vingine."

"Na kila Ijumaa nakupima mlangoni, ulidhani nafanya nini?"

"Nguo. Wewe si muuza vitambaa? Nilikuwa nashangaa tu mbona hazishonwi."

Mwalimu, aliyekuwa akivua viatu karibu, alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaacha kucheka, akasema jambo ambalo lilinichoma zaidi: "Ulikuwa unalinganisha leo yake na jana yangu. Ungelinganisha leo na leo, ungeona kitambo kwamba ameshanipita. Tungemchezesha Kasulu kama senta wetu, tukamtafutia kibarua hapa hapa. Sasa tazama sura yake."

Sura yake ilikuwa imeelekea Kibondo. Alikuwa ameacha shamba msimu wa kupanda kwa ajili ya ule mshahara. Akaniomba nauli.

Nikampeleka mwenyewe, kwa sababu nilitaka vitenge vyangu na jembe. Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mawe kwenye maharage. Halafu akaongea, mwanawe akawa anatafsiri, na ile huruma usoni ikiwa palepale.

"Mama anasema, wewe ulichukua mwanaume. Ukalipa bei ya mtoto. Mwanaume hapa analimia watu kwa siku, na siku ina bei yake. Na shamba letu halikupandwa. Anasema vitenge na jembe ataviondoa kwenye hesabu. Kilichobaki ndiyo tofauti, uilipe."

"Mwambie *gabanya*," nikasema.

Mama alielewa bila kutafsiriwa. Akatikisa kichwa.

Majirani waliokuja kusikiliza wote walikuwa upande wake, hata yule niliyemnunulia magunia manne. Nikaondoka nimeacha pesa ya mbegu, tuiite kishika maneno. Viatu sikuvipata. Vilikuwa vimeshafungwa kamba, vimening'inizwa darini, na mtoto mdogo ananionyesha kwa kidole kama kitu cha kwao tangu zamani.

Mwaka uliofuata lori la yule Mkongo likalala Murungu, naye akampitia kijana wangu. Mkongo alisema anazeeka, anataka mtu aliye tayari kushika nafasi yake. Kibondo wakaja Kasulu na senta mpya, namba arobaini na nane miguuni, viatu vyangu, wakatufunga juu ya udongo wetu wenyewe. Matofali yote yakanigeukia mimi. Mwalimu alitolewa kabla ya mwisho, akakaa kando yangu.

Kila nikienda Murungu kununua maharage mama ananisalimia vizuri, ananipa uji, kisha anaulizia tofauti yake. Nami namuulizia viatu. Tumeshindwa kuafikiana kwa sababu hakuna anayejua bei ya siku isiyo ya kulima.

Basi ninyi mnaojua vibarua, nishaurini: mwanaume mzima, amelala kwangu, amekula kwangu, amecheza mpira na kupimwa mlangoni kila Ijumaa, siku yake ni shilingi ngapi? Na viatu, nivikate kwenye deni la mama, au niwadai Kibondo?